Posho ya Intani: Mwanafunzi wa Arua na Koboko Aanzie Wapi?

Kila muhula wa pili unapokaribia kwisha, swali ni lile lile: je, ipo ofisi ya fedha ya serikali inayomlipa mwanafunzi anayekwenda kujifunza kazi? Huulizwa na wanafunzi wa uhasibu na uchumi wa Chuo Kikuu cha Muni na wenzao wa tawi la Shule ya Biashara ya Makerere, MUBS, mjini Arua. Huulizwa zaidi na wazazi wa Ajia na Koboko, ambao wamekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya karo na sasa wanaambiwa kuna nauli ya basi na kodi ya chumba Kampala.

Jibu lenyewe halipendezi sana. Nafasi za namna hiyo zipo, ila ni chache. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimlazimishi mwajiri kumlipa mwanafunzi aliyeletwa na chuo kujifunza. Posho ikitolewa, hutegemea bajeti ya ofisi na huruma ya mwenye kusaini, kwa hiyo mwaka huu inaweza kuwepo na mwaka ujao isiwepo.

Watu huchanganya jambo hili na habari za madaktari intani wanaoonekana kwenye magazeti wakidai posho. Wale wamekwisha kuhitimu, na fedha yao imo katika bajeti ya taifa. Hata hivyo hugoma mara kwa mara kwa sababu haifiki. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biashara hana fungu kama hilo. Wala si Uganda peke yake: Ikulu ya Marekani, pamoja na utajiri wote ule, ilianza kuwalipa intani wake mwaka 2022 tu.

## Piga hesabu kabla ya kuomba

Kosa kubwa la waombaji wengi ni kutazama posho bila kutazama gharama. Tuchukue mfano wa kubuni, kila mmoja aweke tarakimu zake. Ofisi ya Kampala inaahidi shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa miezi miwili yenye siku 44 za kazi.

- Posho ya miezi miwili: 600,000
- Kodi ya mapato, ikiwa ofisi inaihesabu posho kama mshahara: 13,000
- Basi kwenda na kurudi: 120,000
- Chumba, 150,000 kwa mwezi: 300,000
- Taksi za mjini, 5,000 kwa siku: 220,000
- Chakula cha mchana, 6,000 kwa siku: 264,000

Jumla ya matumizi inafika 917,000. Mwanafunzi "anayelipwa" anahitaji mzazi wa kumpa shilingi 317,000, na hapo chakula cha jioni bado hakijaguswa. Aliyekwenda kwa miguu kila asubuhi katika ofisi ya kaunti ndogo ya Ajia, bila posho hata senti, hajamgharimu mzazi kitu zaidi ya sabuni ya kufulia shati.

Kuhusu ile kodi: Uganda haitozi kodi mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi. Kinachozidi hapo, hadi 335,000, hukatwa asilimia 10. Ndiyo maana katika 300,000 hukatwa 6,500 kila mwezi. Ofisi ikikata zaidi ya hapo, omba maelezo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mwenye shangazi Ntinda au kaka Bweyogerere ana hesabu nyingine kabisa, na huyo Kampala inaweza kumfaa. Asiye na mtu huko asidanganywe na neno "posho". Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kupitia Pakwach na Karuma, na mambo yakiharibika huwezi kurudi nyumbani jioni. Mwenye mkopo wa serikali akumbuke pia kwamba bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, hulipia ada na gharama za masomo. Chakula na malazi hayamo.

## Ofisi zilizopo, kutoka karibu hadi mbali

Kaunti ndogo na parishi. Wanafunzi wengi huzidharau, na hapo ndipo wanapokosea. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, kaunti ndogo ya vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya na kupeleka 35 wilayani. Anayekaa miezi miwili na mhasibu wa Ajia anaiona safari nzima ya pesa: ushuru wa soko unakusanywa, stakabadhi inaandikwa, pesa inapelekwa benki, kitabu kinafungwa. Juu ya hayo kuna Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, uliozinduliwa Februari 2022, unaotengea kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia chama chake cha akiba na mikopo. Vitabu vya vyama hivyo vinahitaji mikono inayojua debiti na krediti. Posho hapa ni ndoto. Kazi yenyewe ni ya kweli.

Wilaya na Jiji la Arua. Arua ilipandishwa kuwa jiji Julai 2020, kwa hiyo kuna ofisi mbili za fedha: ya jiji na ya wilaya. Koboko, iliyokuwa wilaya mwaka 2005, ina zake. Barua huandikwa kwa mtendaji mkuu wa wilaya, anayejulikana kwa kila mtu kama CAO, au kwa karani mkuu wa jiji, ikipitia kwa afisa rasilimali watu. Omba kwa jina idara ya fedha, ukaguzi wa ndani, mipango au ununuzi. Ukiandika tu "idara yoyote" utapelekwa masijala kupanga mafaili.

Mamlaka ya Mapato, URA. Ilianzishwa mwaka 1991 na makao yake ni Nakawa. Ina ofisi Arua, na vituo vya forodha mpakani: Vurra kwa upande wa Kongo, Oraba kwa upande wa Sudan Kusini, Goli kule Nebbi. Nafasi za intani hutangazwa kwenye tovuti yake na maombi hufanywa mtandaoni. Barua ya mkono iliyoachwa getini haifiki mbali. Mwanafunzi wa Nile Magharibi, kanda hii ya Arua na Koboko, ana silaha ambayo mwenzake wa Kampala hana, nayo ni lugha. Vurra na Oraba hupitisha wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili, Kilugbara, Kilingala, Kikakwa na Kiarabu cha Juba. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, Sudan Kusini tangu 2016, na mama mwenye magunia matatu ya maharage anahitaji mtu wa kumweleza utaratibu kwa lugha anayoielewa. Liandike hilo kwenye maombi, tena mwanzoni.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ana ofisi ya kanda mjini Arua. Inafaa sana kwa mwanafunzi wa uhasibu, ila kuna tatizo la kalenda, litakaloelezwa hapa chini.

Benki Kuu. Kituo chake cha Arua ni cha sarafu: kuhifadhi noti, kuzihesabu, kuhudumia mabenki ya biashara. Ulinzi ni mkali, na mgeni haoni mengi. Anayetaka utafiti wa uchumi au usimamizi wa mabenki aombe makao makuu Kampala, akijua anashindana na nchi nzima.

Wizara ya Fedha na taasisi nyingine za Kampala, kama mamlaka ya ununuzi wa umma, PPDA: rudi kwenye hesabu ya mwanzo kwanza.

## Kalenda ya serikali si ya chuo

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Likizo ndefu ya chuo huangukia Juni hadi Agosti. Mwanafunzi kwa hiyo huingia ofisini wiki ambazo kila mtu anakimbia.

Juni, idara za fedha hulipa madeni ya mwisho kabla ya pesa isiyotumika kurudi hazina, na URA hukimbilia kufikisha lengo la mwaka. Julai hadi Agosti hufungwa hesabu, kwa sababu lazima ziwasilishwe ndani ya miezi miwili baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia 31 Agosti. Wakaguzi huingia kwa nguvu baada ya hapo, kwani Mkaguzi Mkuu anatakiwa kuripoti Bungeni kufikia 31 Desemba. Wakati ukaguzi umepamba moto, wewe umesharudi darasani.

Maana yake kwa mwombaji:

- Anayetaka kuona hesabu zikifungwa aombe wilaya au jiji, na aanze kazi Julai badala ya Juni, chuo kikiruhusu.
- Anayetaka ukaguzi aombe kitengo cha ukaguzi wa ndani cha wilaya, ambacho huandika ripoti kila robo mwaka, hivyo hakuna msimu mtupu.
- Anayetaka forodha hana shida ya msimu. Malori hayana likizo.
- Usitegemee mtu akufundishe Juni. Siku hizo muombe kazi ndogo inayoeleweka, kama kulinganisha vocha na taarifa za benki, uifanye vizuri na kimya kimya.

Kwa kuwa Juni kila mtu anakimbia, barua ipelekwe mapema. Januari na Februari ni za kutafuta, Machi ni ya kupeleka. Anayezunguka na bahasha wiki ya mwisho ya Mei atakuta viti vimejaa.

## Karatasi, na balaa la majina

Orodha yenyewe ni fupi:

1. Barua ya utambulisho ya chuo, yenye tarehe za kuanza na kumaliza.
2. Barua ya maombi ya ukurasa mmoja, inayotaja idara.
3. Wasifu usiozidi kurasa mbili.
4. Matokeo ya mitihani ya mihula iliyopita.
5. Nakala ya kitambulisho cha taifa.
6. Namba ya mlipakodi, TIN, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya URA.
7. Akaunti ya benki kwa jina lako mwenyewe.

Namba tano, sita na saba ndizo huwakwamisha watu wa Nile Magharibi, na si kwa uzembe wao. Serikali hulipa kwa mfumo wa kompyuta, na kompyuta haina simile. Cheti cha shule kinasema Candiru Mercy, kitambulisho kinasema Chandiru Mercy, benki imeandika Mercy Candru. Kwa jirani huyo ni binti mmoja. Kwa mfumo wa malipo ni watu watatu. Upande wa Koboko ni Muhammad, Mohamed na Muhamad. Malipo hurudi, mhasibu husema "tutaangalia", na miezi miwili inakwisha.

Linganisha majina leo, herufi kwa herufi. Kosa likiwa benki, hurekebishwa upesi. Likiwa kwenye kitambulisho, itabidi kwenda ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na pengine kula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Hilo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo lisingoje barua ya kukubaliwa. Kutumia akaunti ya kaka ili mambo yaende haraka ni kosa jingine: pesa ya umma hailipwi kwa mtu asiyefanya kazi, na kaka naye anaweza kuwa na madeni yake.

## Namna ya kuulizia posho

Wengi huogopa kuuliza, wasionekane wenye tamaa. Wengine huuliza swali la kwanza getini, kabla ya salamu kukamilika. Wakati wake ni baada ya kukubaliwa na kabla ya kusaini, na huulizwa kwa maandishi. Sentensi kama hizi zinatosha:

*"Nashukuru kwa nafasi niliyopewa. Naomba kufahamishwa kama ofisi ina posho ya usafiri au chakula kwa wanafunzi wa mafunzo, kiasi chake, hulipwa lini, na kama kuna nyaraka ninazopaswa kuleta mapema."*

Jibu likiwa "hakuna", limekuokoa na madeni. Jibu likiwa "tutaona", lihesabu kama hakuna. Mwanafunzi anayesoma kwa udhamini wa serikali aulize pia kwa bursa wa chuo kama kuna fungu la mafunzo kwa vitendo kwa walio katika udhamini huo. Wapo wanaomaliza shahada bila kuuliza.

Yapo mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi za Rhino Camp na Imvepi, ambayo nayo yana idara za fedha, na baadhi huwapa intani kitu kidogo. Chuo kikikubali, hiyo ni njia halali. Tatizo ni kwamba bajeti za wafadhili nazo hukatwa ghafla.

## Matangazo ya uongo na matangazo ya jirani

Yapo matangazo ya aina mbili yanayozunguka kwenye simu, na yote mawili yanapoteza watu.

La kwanza ni la utapeli. Lina nembo ya URA au Benki Kuu, linaahidi posho nono, na mwishoni lina namba ya kutuma "ada ya fomu" kwa simu. Ombi la intani serikalini halilipiwi. Si fomu, si uchunguzi wa afya, si "kumuona bosi". Anayeomba pesa ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Tangazo lihakikishwe kwenye tovuti ya taasisi yenyewe au kwa kwenda ofisini. Arua hilo ni suala la boda moja.

La pili ni la kweli, ila si lako. Kenya ina mpango wa intani wa utumishi wa umma, unaoendeshwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya huko, ambao umekuwa ukitoa shilingi 25,000 za Kenya kwa mwezi kwa mwaka mzima. Tangazo lake hufika Arua na watu hukimbilia kujaza. Mpango huo ni wa raia wa Kenya, tena waliokwisha kuhitimu. Soma sharti la uraia na la elimu kabla ya kununua bando.

## Ndani ya ofisi: usiguse, usisaini, usipige picha

Ofisi za fedha hushika siri za watu. Sheria ya utaratibu wa kodi ya mwaka 2014 inalinda taarifa za mlipakodi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda za kila mtu. Intani hana kinga yoyote akikosea.

- Usiingie kwenye mfumo kwa nywila ya mwingine, hata akikuambia "andika tu, mimi nakwenda kunywa chai". Kitakachoharibika kitatafutwa kwa saa na dakika, na wewe ndiye uliyekuwa kitini.
- Usipokee pesa taslimu kwa mfanyabiashara. Mwelekeze benki.
- Usisaini kwamba umepokea bidhaa au umehudhuria warsha usiyohudhuria. Orodha za posho za warsha ndizo hupendwa kuongezewa majina ya intani.
- Usipige picha ya hati na kuiweka kwenye "status".
- Ukipewa mgao wa pesa usiyojua imetoka wapi, kataa kwa upole na umweleze msimamizi wako wa chuo. Ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG, inayopambana na rushwa, nayo ina tawi Arua.

Kwa wasichana kuna jambo la kusemwa wazi. Mkubwa anayefungamanisha saini ya ripoti yako na miadi ya jioni anavunja sheria; kanuni za unyanyasaji wa kijinsia kazini zipo tangu 2012. Hifadhi ujumbe alioutuma, mwambie msimamizi wa chuo siku hiyo hiyo, na omba uhamishiwe kwingine. Ripoti ya mafunzo inaweza kusainiwa na ofisa mwingine.

Daftari la kila siku lijazwe kila siku. Chagua pia swali moja dogo la kulifuatilia, ripoti isije ikawa historia ya taasisi iliyonakiliwa kutoka tovuti. Kwa mfano: wenye maduka wangapi wa mtaa mmoja wa Arua wanatoa risiti za EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, ulioanza kutumika Januari 2021, na wasiotoa wanasema kwa nini? Au ile asilimia 35 ya Ajia ilifika wilayani kwa wakati katika robo zipi?

## "Lakini mimi sina mtu ndani"

Ni kweli kwamba baadhi ya nafasi hutolewa kwa kujuana, na kukana hilo ni kumtukana msomaji. Kujuana kuna nguvu zaidi Kampala, kwenye viti vichache vinavyolipwa. Katika kaunti ndogo na wilayani, ambako hakuna cha kugombea, anayefika mapema na karatasi kamili huwa anapata.

"Je, wataniajiri baadaye?" Intani si mlango wa ajira ya serikali. Kazi za wilaya hupitia tume ya utumishi ya wilaya, na za serikali kuu hupitia Tume ya Utumishi wa Umma. URA na Benki Kuu huajiri zenyewe kwa matangazo. Kinachobaki ni barua ya msimamizi anayekujua kwa kazi yako, na jibu la kweli utakapoulizwa kwenye usaili kama umewahi kulinganisha hesabu za benki.

"Mzazi anataka niende Kampala." Mpelekee ile hesabu ya 317,000, pamoja na tarehe hizi: majina yalinganishwe Januari, barua ya chuo ichukuliwe Februari, na bahasha iwe kwenye meza ya afisa rasilimali watu wa Arua au Koboko kabla ya Machi kwisha.